Anunuaye Nyumba kwa Kodi Anapochelewa Kulipa

Katika miji ya Kenya wako watu wengi wanaokaa katika nyumba wanazozilipia kidogo kidogo hata ziwe mali yao. Jambo hili si geni. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limeuza nyumba kwa njia hiyo, na watu binafsi hufanya vivyo hivyo. Taabu huanza fedha zinapokosekana.

Mathalan, mtu hulipa Sh. 12,000 kila mwezi. Katika hizo, Sh. 8,000 ni kodi, na Sh. 4,000 huhesabiwa katika bei ya nyumba. Baada ya miezi 40 amekwisha kulipa Sh. 160,000 za bei. Kisha aachishwa kazi, na miezi mitatu yapita bila malipo. Deni lake ni Sh. 36,000, lakini kinachomkosesha usingizi ni zile 160,000. Je, zimepotea?

Jawabu limo katika mkataba. Ukisema kwamba nyumba imeuzwa na bei yalipwa kwa mafungu, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 humlinda mnunuzi aliyekwisha kuingia. Muuzaji akitaka kuvunja mapatano, yampasa kwanza ampe notisi ya maandishi, itaje kosa na muda wa kulirekebisha. Muda huo ukipita bure, nyumba hutwaliwa kwa amani au kwa amri ya korti (na kuvunja kufuli usiku si amani), naye mnunuzi aweza kuiomba korti impe nafuu.

Lakini iko mikataba imwitayo mpangaji mpaka siku ya shilingi ya mwisho. Hapo mwenye nyumba aweza kumtuma dalali mwenye leseni akamate vyombo kwa kodi isiyolipwa, na zile 160,000 hufuata maneno yaliyoandikwa. Ahadi ya mdomo haisaidii, kwa kuwa sheria yataka mkataba wa kuuza ardhi uandikwe, utiwe sahihi na pande zote na kushuhudiwa.

Aonaye kwamba mwezi ujao hatakuwa na fedha, heri aende kwa mwenye nyumba kabla ya tarehe ya kulipa, wapatane malimbikizo yatalipwaje, nao waliandike. Kila risiti ionyeshe mbalimbali kodi na bei. Risiti yenye neno “kodi” tupu humfaa mwenye nyumba peke yake. Wasipopatana, shauri hupelekwa mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au kwa hakimu mwenye mamlaka ya mashauri ya ardhi.