Piassa: Kwa nini kubomolewa kwa kitovu cha kale cha Addis Ababa kunazua mjadala?

Mtu aliyeondoka Addis Ababa mwaka 2023 akirejea leo atapata taabu kuutambua mtaa wa Piassa. Sehemu kubwa ya maduka ya zamani, migahawa ya kahawa na nyumba za udongo zilizokuwa zimebanana nyuma yake haipo tena. Mahali pake pana barabara iliyopanuliwa, njia za waendao kwa miguu na za baiskeli, bustani na safu za taa.

Ubomoaji huo ulishika kasi mwezi Machi mwaka 2024, chini ya mpango mkubwa wa utawala wa jiji unaojulikana kama maendeleo ya ushoroba. Serikali ya Ethiopia inauona kuwa ni hatua ya kulipa jiji hilo sura inayolingana na hadhi ya makao makuu ya Umoja wa Afrika. Wakosoaji wanasema jiji limefuta kumbukumbu yake kwa haraka na kuwatawanya watu walioishi pamoja kwa vizazi.

Mabishano yamejikita katika majengo, lakini nyuma yake kuna swali zito zaidi: ni nani mwenye haki ya kuendelea kuishi katikati ya jiji pale thamani ya ardhi inapopanda?

Piassa ni mahali gani?

Addis Ababa, jina lenye maana ya "ua jipya" kwa Kiamhari, ilianzishwa mwaka 1886 na Menelik wa Pili pamoja na mkewe, Taytu. Piassa ilichipukia karibu na Kanisa la Mtakatifu George, katika eneo la Arada, ambako palikuwa na soko kuu. Wafanyabiashara wa Kihindi, Kiarmenia, Kigiriki na Kiarabu walifungua maduka hapo, na mafundi waliotoka nchi mbalimbali wakajenga nyumba zenye roshani za mbao. Hoteli ya Taitu, iliyoanzishwa na malkia huyo na inayotajwa kuwa hoteli ya kwanza nchini Ethiopia, iko katika mtaa huo.

Jina Piassa lenyewe limetokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya uwanja. Lilibaki baada ya uvamizi wa Italia wa mwaka 1936 hadi 1941. Watawala hao walipanga kuligawa jiji kwa misingi ya rangi: Piassa ikatengwa kwa Wazungu, na soko la wenyeji likahamishiwa upande wa magharibi, mahali panapoitwa Merkato hadi leo. Kwa hiyo hii si mara ya kwanza kwa mpango wa jiji kuwaondoa wakazi wa kawaida katika eneo hilo.

Baada ya uhuru kurejea, Piassa ikawa kitovu cha biashara ya dhahabu, sinema, vitabu na mikahawa. Nyuma ya barabara kuu walikaa maelfu ya watu wa kipato cha chini, katika nyumba ndogo za fito na udongo zilizoezekwa kwa mabati.

Kwa nini nyumba zilichakaa?

Jibu linaanzia mwaka 1975. Serikali ya kijeshi ya Derg, iliyomwondoa Mfalme Haile Selassie mwaka mmoja kabla, ilitaifisha ardhi yote ya mijini pamoja na nyumba za ziada, yaani zile ambazo mwenyewe hakuwa akiishi ndani yake. Nyumba za kodi ya chini ziliwekwa chini ya kebele, ambayo ni ngazi ya chini ya utawala wa mtaa.

Kwa mpangaji maskini huo ulikuwa ukombozi. Kodi ilipunguzwa na ikabaki karibu palepale kwa miongo mingi huku bei ya kila kitu ikipanda. Familia zikarithishana upangaji, na muuza mboga, fundi cherehani au mjane akaweza kuishi hatua chache kutoka mahali anapopata riziki.

Lakini kodi hiyo ndogo haikutosha kugharamia matengenezo. Kebele haikuwa na fedha za ukarabati, na mpangaji hakuwa na sababu ya kutumia akiba yake katika nyumba isiyo yake. Kuta zikapasuka, mabati yakashika kutu, na vyoo vya pamoja vikahudumia familia nyingi kupita kiasi. Uchakavu ambao leo unatajwa kuwa sababu ya kubomoa ni matokeo ya nyumba hizo kukosa kwa karibu miaka 50 mtu wa kuzitunza.

Serikali inasema nini?

Hoja za utawala wa jiji, unaoongozwa na Meya Adanech Abiebie, si za kupuuzwa. Addis Ababa inakadiriwa kuwa na zaidi ya watu milioni 5. Barabara nyingi za katikati zilikuwa nyembamba, mitaro ya maji taka haikutosha, na magari ya zimamoto yalipata shida kupenya vichochoroni. Jiji hilo pia ni makao ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, nalo hupokea wageni na mikutano mwaka mzima.

Maafisa wanasema wakazi hawakutupwa. Waliokuwa wakimiliki nyumba waliahidiwa fidia na viwanja mbadala, na wapangaji wa nyumba za kebele waliahidiwa kupangishwa nyumba nyingine za serikali au kununua makazi katika majengo ya ghorofa. Utawala huo unasema pia kwamba majengo yaliyosajiliwa kuwa urithi yanalindwa.

Wapo wakazi wanaoikubali hoja hiyo. Kwa familia iliyokuwa ikichota maji nje na kupanga foleni ya choo, nyumba yenye bomba na choo cha ndani ni nafuu isiyohitaji kuelezwa.

Wakosoaji wanapinga nini?

Lalamiko la kwanza ni muda. Wakazi wengi waliozungumza na vyombo vya habari mwaka 2024 walisema walipewa siku chache tu za kufungasha na kuondoka. Wasanifu majengo na watafiti wa historia nao walilalamika kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo kabla ya matingatinga kufika.

Lalamiko la pili linahusu namna urithi unavyotambuliwa. Jengo lililosajiliwa linapata ulinzi, ila thamani ya Piassa haikuwa katika jengo moja moja. Ilikuwa katika mpangilio wa mtaa mzima: duka mbele, makazi nyuma, ngazi za mawe, na mgahawa unaojulikana na kila mpita njia. Hoteli moja ikibaki imesimama peke yake kando ya barabara pana, jengo limeokoka lakini mtaa uliolipa maana umekwenda. Baadhi ya wakosoaji wanakumbusha kwamba wiki chache tu kabla ya ubomoaji, mwezi Februari 2024, makumbusho makubwa ya ushindi wa Adwa wa mwaka 1896 yalizinduliwa papo hapo Piassa.

Lalamiko la tatu ni la fedha. Chini ya katiba ya mwaka 1995, ardhi ya Ethiopia ni mali ya dola na wananchi kwa pamoja, wala haiuzwi. Anayeondolewa hulipwa kwa kile kilichojengwa juu ya ardhi, si kwa thamani ya kiwanja chenyewe. Baadaye jiji huweza kukikodisha kiwanja hicho kwa mwekezaji kwa miaka mingi na kwa bei kubwa. Hivyo faida ya kuwa katikati ya jiji, iliyojengwa na biashara na maisha ya wakazi wenyewe, haiwafikii wao.

Hasara isiyomo katika hesabu ya fidia

Karibu kila mtaa wa Addis Ababa una iddir, chama cha kuzikana ambacho wanachama wake huchanga kila mwezi. Msiba ukitokea, iddir huleta hema, viti, sufuria na chakula, na majirani hukaa na wafiwa kwa siku kadhaa. Pamoja nayo kuna equb, ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wataitambua mara moja: ni upatu, ambapo kila mmoja hupokea mchango wa wote kwa zamu.

Vyama hivi vinasimama juu ya ujirani. Mtu huaminiwa kupokea fedha za upatu kwa sababu nyumba yake inajulikana, na mzee aliyechangia iddir kwa miaka 30 anatarajia kwamba siku yake ikifika, waliozikwa kwa mchango wake watakuwa na ndugu wa kumzika yeye. Familia za mtaa mmoja zinapogawanywa katika maeneo tofauti ya pembezoni mwa jiji, mpango huo huvunjika, nayo fidia haihesabu michango ya miaka yote hiyo.

Kipato nacho huyumba. Mwanamke aliyekuwa akiuza injera au kahawa mlangoni pake, kwa wateja waliopita kwa miguu, anajikuta katika ghorofa ya nne mbali na wateja hao. Nauli ya kurudi mjini kila siku huweza kumeza faida yote.

Majirani wanafundisha nini?

Mjadala huu haupo Ethiopia pekee. Katika nchi jirani ya Eritrea, mji wa Asmara ulichukua njia tofauti. Majengo yake ya enzi ya Waitalia, likiwemo kituo cha mafuta cha Fiat Tagliero cha mwaka 1938 chenye umbo la ndege, yalihifadhiwa pamoja na mitaa yake, na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia.

Hata hivyo, kutobomoa hakumaanishi kuhifadhi. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha hiyo tangu mwaka 2000, lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Jengo la kale lisipotunzwa mapema huanguka lenyewe, na huweza kuondoka na roho za watu.

Mifano hiyo inaonyesha kwamba chaguo halikuwa baina ya kubomoa kila kitu na kuacha kila kitu kama kilivyo. Kulikuwa na njia ya kati: kukarabati nyumba zinazofaa, kujenga upya zile mbovu hapohapo, na kuwarudisha wakazi walewale. Njia hiyo huchukua muda mrefu na huingiza fedha kidogo kuliko kukodisha kiwanja kitupu.

Nini kinafuata?

Mpango wa ushoroba haukuishia Piassa. Mwishoni mwa mwaka 2024 zamu ilifika Kazanchis, mtaa mwingine wenye jina la asili ya Kiitaliano ulio karibu na ofisi za Umoja wa Mataifa, na mpango umeenezwa katika miji mingine ya Ethiopia. Mwezi Aprili 2025 shirika la kutetea haki za binadamu la Amnesty International liliitaka serikali kuusitisha kwa muda na kukomesha uhamishaji wa lazima.

Kwa Piassa, mjadala kuhusu kubomoa umepitwa na wakati. Kinachobaki wazi ni kile kitakachojengwa katika viwanja vilivyoachwa wazi, na iwapo waliotoka watapata nafasi ya kurudi, angalau kufanya biashara. Kwa mitaa ambayo haijafikiwa, somo ni la mapema zaidi. Mazungumzo kuhusu ukarabati, umiliki na fidia yanapaswa kufanyika wakati wakazi bado wamo ndani ya nyumba zao, maana wakishatawanyika, ni vigumu kuwakusanya tena kuwauliza walitaka nini.