Mfamasia anasomea nini miaka yote hiyo?

Ndugu msomaji, hebu tujiulize. Ni mara ngapi umeingia duka la dawa ukasema, "Nipe rangi mbili, vinne tu," ukalipa, ukaondoka? Muuzaji akianza kukuuliza dawa ni ya nani, mgonjwa ana umri gani, anatumia dawa gani nyingine, wengi wetu hukasirika. Tunaona anatupotezea muda. Wapo wanaosema kazi ya mfamasia ni kusoma jina la dawa na kutoa kopo kabatini, basi kwa nini asome chuo kikuu miaka minne?

Katika makala haya tutaeleza kwa ufupi mambo anayofundishwa mwanafunzi wa famasi, ili tujue kwa nini anauliza maswali yale na sisi tumuulize nini.

Hapa Tanzania shahada ya famasi hufundishwa katika vyuo kadhaa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Masomo huchukua miaka minne, kisha mhitimu hufanya kazi kwa vitendo mwaka mmoja chini ya usimamizi. Baada ya hapo ndipo anaweza kusajiliwa na Baraza la Famasi, ambalo hufanya kazi kwa mujibu wa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011.

Safari ya dawa mwilini

Mwanafunzi huanza na mwili wenyewe: viungo, damu, ini, figo, moyo, pamoja na kemia na elimu ya vijidudu. Kisha huingia katika somo la famakolojia, yaani namna dawa inavyofanya kazi mwilini. Humo hujifunza kwamba dawa ina safari. Huingia tumboni, hunyonywa, husambazwa na damu, huvunjwavunjwa hasa na ini, na mabaki hutolewa hasa na figo. Ndiyo maana mtu mwenye ugonjwa wa ini au figo huenda akahitaji kipimo tofauti na jirani yake, ingawa wanaumwa maradhi yaleyale.

Kila dawa ina muda wake wa kupungua mwilini. Amoksilini hupungua kwa nusu katika damu ndani ya saa moja hivi, ndiyo maana mara nyingi humezwa kila baada ya saa nane. Nyingine hukaa mwilini siku nzima au zaidi na humezwa mara moja tu. Hivyo ukiona kwenye bahasha pameandikwa "1 x 3", maana yake si asubuhi, mchana na jioni kabla ya saa kumi na mbili. Maana yake ni kidonge kimoja kila baada ya saa nane.

Hapo ndipo ubaya wa kununua vidonge vinne unapoonekana. Dawa ya kuua bakteria ikitumika pungufu, bakteria dhaifu hufa na wale wenye nguvu hubaki na kuzaliana. Huu ndio usugu wa dawa. Kesho mtoto wako, au wa jirani, akiugua kutokana na bakteria haohao, dawa ile haitamsaidia. Aidha, rangi ya kidonge si jina la dawa. Dawa mbili tofauti kabisa zaweza kuwa na rangi moja.

Hesabu za vipimo

Somo jingine ambalo mwanafunzi hawezi kulikwepa ni hesabu. Tuchukue parasetamoli, dawa ambayo haikosekani majumbani. Kwa mtoto, kipimo cha kawaida kwa mara moja ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Kidonge cha mtu mzima kina miligramu 500. Mama anayekivunja nusu na kumpa mtoto huyo amempa miligramu 250, yaani amezidisha. Akirudia hivyo mara nne kwa siku, siku baada ya siku, anaweza kuliumiza vibaya ini la mwanawe huku akidhani anamsaidia.

Vilevile vijiko vya jikoni havilingani. Dawa ya maji ikiandikwa kijiko kimoja, inakusudiwa mililita 5. Vijiko vingine vya chai havifiki hapo, vingine vinazidi. Tumia kijiko au kikombe cha kipimo kinachokuja na dawa, na ukioshe kwa maji safi na sabuni kila baada ya kutumia.

Dawa na chakula, dawa na dawa

Watu wengi huuliza kama dawa inywewe na maziwa. Jibu hutegemea dawa yenyewe. Tetrasaiklini ikikutana na maziwa hunaswa na madini ya chokaa yaliyomo, na sehemu kubwa hupita tumboni bila kunyonywa. Lakini dawa mseto ya malaria, ALU, hunyonywa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Dozi yake ni mara sita kwa siku tatu: ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Dawa nazo hugombana. Rifampisini, inayotumika kutibu kifua kikuu, hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na dawa nyingine nyingi. Ndiyo sababu ya swali lile, "Unatumia dawa gani nyingine?"

Mitishamba

Wapo wanaodhani wafamasia wanadharau mitishamba. Sivyo. Liko somo zima, famakognosia, linalohusu dawa zitokanazo na mimea na viumbe vingine. Kwinini ilitokana na gome la mti wa sinkona. Artemisinini, ambayo ndiyo chimbuko la sehemu moja ya ALU, ilipatikana China katika miaka ya 1970 kutoka kwenye mmea uliotumika huko tangu zamani, na mwaka 2015 mtafiti Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Tofauti ni kipimo. Katika kidonge, kiasi cha dawa kinajulikana. Katika sufuria ya majani ya muarobaini, hakuna ajuaye leo umekunywa kiasi gani na kesho utakunywa kiasi gani. Hivyo basi, kama unatumia mitishamba, mweleze mfamasia bila kuficha.

Utengenezaji na usafi

Mwanafunzi hujifunza pia kutengeneza vidonge, malhamu na dawa za maji, kupima ubora wake, na kuandaa dawa za sindano na za macho bila kuingiza vijidudu. Hujifunza kwamba insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na kwamba dawa ya unga ya watoto huchanganywa na maji yaliyochemshwa na kupoa, hadi kwenye alama, kisha humwagwa siku zilizoandikwa zikiisha hata kama imebaki.

Hujifunza pia vitu vinavyochanganywa na dawa. Baadhi ya dawa za maji huwa na alkoholi, na maganda ya kapsuli nyingi hutengenezwa kwa jelatini itokanayo na ng'ombe au nguruwe. Muislamu mwenye wasiwasi ana haki ya kuuliza, na mfamasia anaweza kuangalia kama ipo aina nyingine.

Ramadhani nayo ina maswali yake. Dawa ya kutwa mara mbili mara nyingi huweza kupangwa wakati wa futari na daku. Ya mara tatu haipangiki hivyo, na huenda ikabadilishwa kwa ile inayokaa mwilini muda mrefu. Usibadilishe mwenyewe, hasa ukiwa na kisukari, kwani sukari inaweza kushuka ghafla. Onana na daktari au mfamasia kabla ya mwezi kuandama. Na mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa baadaye.

Tuulize

Ndugu msomaji, unapopewa dawa usiondoke kabla hujajua mambo haya: ni dawa gani, ni ya nini, nitumie kiasi gani na kwa siku ngapi, kabla au baada ya chakula, nikisahau nifanye nini, na niitunze wapi. Aliyesoma miaka minne hawezi kuchoka kwa maswali sita. Na yeye akikuuliza, usikasirike. Mjibu kweli, hasa kama una mimba, unanyonyesha, au dawa iliwahi kukudhuru. Jibu lako moja linaweza kuokoa maisha.