Fahamu: Bunge la Afrika Mashariki lina nguvu gani?
Ukishuka kutoka Masama, Kilimanjaro, hadi Boma Ng'ombe, ukashika barabara ya Arusha, utafika kwenye bunge ambalo wananchi hawalipigii kura. Bunge la Afrika Mashariki lilizinduliwa Novemba 2001. Kila nchi mwanachama, kubwa kwa ndogo, ina wabunge tisa wanaochaguliwa na bunge la nchi yao, ila si kutoka miongoni mwa wabunge wa bunge hilo.

Kanuni hiyo ilizua kesi kubwa. Mwaka 2006 majina ya wabunge wa Kenya yalitoka kwenye vyama, bila kura kupigwa bungeni. Mwanasiasa wa Kenya Peter Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki. Novemba mahakama ikazuia wateule wasiapishwe. Machi 2007 ikaamua kwamba huo haukuwa uchaguzi. Katikati hapo, Desemba, marais wa nchi wanachama wakaharakisha kurekebisha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuigusa mahakama yenyewe. Sidhani ilikuwa sadfa.

Kwenye masuala ya amani pia, bunge hili ni dhaifu. Muswada hauwi sheria bila idhini ya wakuu wa nchi zote. Congo na Rwanda zina wabunge katika ukumbi mmoja, lakini waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, Congo, Januari 2025, usuluhishi ulihamia Doha na Washington.

Mkazi wa Masama bado ana mlango wake. Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu kuishtaki serikali katika mahakama hiyohiyo, mradi afungue shauri ndani ya miezi miwili.