Ufunguo Mmoja Ukienda Msibani

Alhamisi moja ya masika kikoba chetu hapa Nyantakara kilishindwa kufungua sanduku. Lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa kina mama watatu wa nyumba tofauti, asije mtu akalifungua usiku peke yake. Siku hiyo mwenye ufunguo wa tatu alikuwa Ngara msibani, na ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga. Tulikaa chini ya mwembe hadi saa kumi, kila mtu na fedha ya hisa mkononi, kisha tukatawanyika.

Njiani mweka hazina akanigeukia. "Mwanangu, wewe uliyekuwa Dar unalinda makompyuta ya watu, nayo yana funguo tatu?"

"Yana diski tatu, mama. Ila ni kinyume chetu. Moja ikienda msibani, mbili zilizobaki zinafungua."

Akacheka, akasema hicho ndicho kikoba anachokitaka yeye. Njia ilikuwa fupi, nikamweleza kwa ufupi; maelezo kamili nayatoa hapa.

Kwa miaka minne nilishika zamu ya usiku kwenye chumba cha seva jijini Dar es Salaam. Sasa nina steshenari: natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, na bado natunza tovuti chache za shule na za wafanyabiashara. Mtu akifungua tovuti ya shule kwenye simu, zile picha za mahafali hazitoki hewani. Zimelala kwenye diski ya seva, yaani kompyuta isiyozimwa, ndani ya kabati la chuma, Dar au Ulaya. Na diski hufa. Zile za sahani huzunguka, nyingi mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani bila kuigusa. Siku kikiigusa, basi tena. Hizi mpya zisizo na kitu kinachozunguka nazo hufa, tena kimyakimya.

Dawa iliandikwa mwaka 1988. David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, walipeleka andiko kwenye mkutano mjini Chicago wakisema diski nyingi za bei rahisi zikifungwa pamoja zitaishinda diski moja kubwa ya bei mbaya. Kasoro waliitaja wenyewe: kama diski huishi kwa wastani saa 30,000, ukikusanya 100 tegemea moja ife kila baada ya saa 300, hata wiki mbili hazifiki. Kwa hiyo lazima zipangwe hivi kwamba kifo cha moja kisimdhuru mtu. Mpango huo wakauita RAID, nasi mafundi tunasema reidi. Herufi ya tatu ilisimamia urahisi wa bei. Baadaye ikageuzwa isomeke "kujitegemea". Nawaelewa wauzaji. Nani atauza mashine ya mamilioni yenye neno "rahisi" katikati ya jina?

Reidi nyepesi kuliko zote ni ya mapacha: kinachoandikwa diski ya kwanza kinaandikwa na ya pili papo hapo. Unanunua mbili, unatumia nafasi ya moja.

Nyingine ndiyo iliyomfurahisha mweka hazina, kwa sababu ni daftari lake. Chukua mistari mitatu: 12,000, 7,000 na 9,000, na chini yake jumla, 28,000. Mchwa wakila mstari wa kati, huna haja ya kumwita mwenyewe aape. Toa 12,000, toa 9,000, inabaki 7,000. Seva hufanya vivyo hivyo kwa hesabu ya sifuri na moja, na ile "jumla" huigawa ikae zamu kwa zamu kwenye diski zote. Hiyo ni reidi ya tano. Lakini mchwa wakila mistari miwili, utajua tu kwamba watu wawili walileta 16,000, na ugomvi uanzie hapo. Ndiyo maana ipo ya sita, yenye hesabu mbili tofauti, inayovumilia vifo viwili.

Hatari kubwa huja baada ya kifo cha kwanza. Diski mpya ikishawekwa, mashine husoma zote zilizobaki ili kuijaza. Diski ya terabaiti 18, hata ikiandikwa megabaiti 200 kila sekunde bila kupumzika, huchukua saa 25. Na zilizobaki mara nyingi zilinunuliwa siku moja na ile marehemu.

Mimi hata sikufika huko. Saa tisa za usiku skrini iliniambia diski namba 3 imekufa. Tovuti zote zilikuwa zinafunguka, na diski za namna ile huchomolewa mashine ikiwa inawaka: unabonyeza kitufe, mkono wa trei unafunguka, unavuta kidogo, unasubiri sahani zitulie, unatoa. Taa ya onyo ya trei ile ilikuwa mbovu siku nyingi, nikahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Mashine yenyewe ilihesabu kuanzia sifuri. Nikachomoa nzima.

Feni ziliendelea kuvuma kama kawaida. Simu ndiyo iliyoanza kulia.

Tuliokolewa na bakapu, yaani nakala ya akiba, ya saa sita usiku, iliyokuwa jengo jingine. Barua pepe za muda wa saa tatu zilipotea, nyingi za matangazo. Moja ilikuwa ya kijana aliyetuma vyeti vyake usiku wa manane. Siku tatu baadaye akapiga kuuliza mbona kimya. Nilipokea mimi.

Tangu hapo mteja akiniambia "seva yangu ina reidi, sihitaji bakapu", nambishia. Ukifuta faili kwa makosa, mapacha wote wawili hutii amri kwa pamoja. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Waliokuwa wameweka na bakapu humohumo walibaki mikono mitupu. Nyaya za baharini nazo ni habari nyingine: zilipokatika EASSy na Seacom tarehe 12 Mei 2024, tovuti zilizoko Ulaya zilikuwa salama kabisa, ila wengi wetu hatukuzifikia vizuri.

Siku hizi kila Jumamosi napakua nakala ya tovuti zote kwenye diski ya nje, naifunga kwenye mfuko wa nailoni na kumpa konda wa haisi. Biharamulo mjini anaipokea shangazi, anaichomeka kwenye sanduku katikati ya vitenge, ananirudishia ya wiki iliyopita.

Mweka hazina alisikiliza hadi tukafika kwake. Akashika mlango, akauliza, "Na huyo shangazi akienda msibani?"

"Ufunguo wa nyumba huwa anamwachia jirani, mama."