Wachina, sentensi na Kiingereza: mbinu iliyonitoa kimasomaso

Leo siasa na mpira naviweka pembeni. Nataka tuongelee kitu kinachotuumiza wengi tuliopita sekondari za kata: Kiingereza. Na mwalimu wangu safari hii hakuwa Mzungu wala mtu wa Chuo Kikuu, alikuwa kijana wa Kichina anayetunza stoo Kariakoo.

Nianze na aibu yangu. Mwaka jana nilikuwa kwenye duka moja la mabegi ya jumla. Stoo iko mtaa wa pili, na mtunza stoo ni huyo Mchina. Yeye Kiswahili chake cha kubahatisha, mimi Kichina sina, kwa hiyo tulikuwa tunatumiana meseji kwa Kiingereza cha kuungaunga. Siku hiyo wateja walikuwa wawili: mama mmoja kutoka Zambia aliyekwishalipia katoni 10, na jamaa wa Malawi ambaye alikuwa ndo kwanza anapatana bei. Nikamwandikia Mchina: "He has paid. Give him ten cartons." Nilikuwa namaanisha yule mama!

Jamaa akatangulia stoo, maana aliambiwa akaangalie mzigo. Mchina akaona mwanaume, akasoma meseji, akatoa katoni 10. Mama alipofika, hamna kitu. Tulikimbia hadi stendi ya Mbezi, basi limeshaondoka. Nusu ya hela ilikuja kupatikana baadaye kwa kubembelezana kwenye simu, nusu iliyobaki nikakatwa mshahara miezi mitatu. Herufi moja tu wadau, ile "s" ya "she", imenila miezi mitatu.

Nilidhani Mchina atanichukia. Wapi! Alikaa juu ya katoni akacheka kwa huzuni, akasema: "Rafiki, mimi pia. He, she, mimi kila siku kosa." Akanionyesha daftari lake. Hapo ndo somo langu lilipoanza.

KUMBE NA WAO HAWANA "HE" NA "SHE"

Kichina kikitamkwa, mwanaume ni "tā", mwanamke ni "tā", hata kitu ni "tā". Kwenye maandishi herufi zinatofautiana, ila mdomoni sauti ni ileile. (Maneno ya Kichina nayaandika kwa herufi zetu, mfumo unaoitwa pinyin, ambao China waliupitisha mwaka 1958.) Sasa jiulize na sisi: "amelipa". Nani kalipa? Baba au mama? Kiswahili hakisemi. Kwa hiyo Mchina na Mswahili wakiandika Kiingereza, shimo lao ni moja. Haitokani na ujinga. Lugha uliyonyonya nayo haijawahi kukulazimisha kuwaza jambo hilo kabla hujafungua mdomo.

Na hapo ndipo faida ya kutafsiri sentensi ilipo. Ukikariri kwamba "she" ni yeye wa kike, unajua. Lakini kujua na kukumbuka wakati mteja anakusubiri ni vitu viwili tofauti.

WANAVYOFANYA WENZETU

China watoto wengi huanza Kiingereza darasa la tatu, huo ndio mwongozo uliotolewa mwaka 2001. Wakifika juu wanakutana na mitihani mizito. Mtihani wa kuingia chuo kikuu, gaokao, kwa kawaida hufanyika Juni, na karatasi ya Kiingereza ya Shanghai ina sehemu ya kutafsiri. Unapewa sentensi ya Kichina, na kwenye mabano unawekewa neno moja la Kiingereza ambalo LAZIMA ulitumie. Huwezi kukwepa kwa neno rahisi. Kama neno ni "although", utafute njia, liingie.

Chuoni nako kuna mtihani unaoitwa CET, ulioanza mwaka 1987, wenye daraja la 4 na daraja la 6. Tangu Desemba 2013 sehemu ya tafsiri imekuwa aya nzima: herufi za Kichina 140 hadi 160 kwa daraja la 4, na 180 hadi 200 kwa daraja la 6. Muda ni dakika 30, na sehemu hiyo inabeba asilimia 15 ya alama. Mada zinahusu utamaduni wa China, historia, uchumi na maisha ya watu. Yaani mtu anatakiwa aeleze mambo ya kwao kwa Kiingereza. Hilo nimelipenda sana. Sisi shuleni tulikuwa tunaelezea theluji ambayo hatujawahi kuiona.

Wapo pia wanaokariri orodha za maneno kuanzia A. Wanafunzi wa China wana utani wao: neno la kwanza kwenye vitabu vingi vya msamiati ni "abandon", yaani kutelekeza, na wengi wanatelekeza hapohapo! Mchina wangu aliniambia naye alikariri orodha hivyo, lakini maneno yalikuwa yanakaa kichwani kama watu wasiofahamiana ndani ya daladala. Sentensi ndiyo iliyowafanya wasalimiane.

SENTENSI MOJA, MITEGO MITATU

Nimeichukua hii kutoka kwenye daftari lake: "Suīrán yǔ hěn dà, dànshì tā háishi lái le." Neno kwa neno ni kama: ingawa mvua kubwa sana, lakini yeye hata hivyo kuja. Kiswahili safi: "Ingawa mvua ilikuwa kubwa, lakini alikuja." Sasa itafsiri. Mimi niliandika: "Although the rain was big, but he came." Mchina akacheka mpaka akapaliwa, maana ndivyo alivyoandika yeye mara ya kwanza.

Mtego wa kwanza ni mvua kubwa. Kichina mvua ni "kubwa", Kiswahili mvua ni "kubwa", lakini kwa Waingereza mvua ni nzito: "heavy rain". Hakuna sheria itakayokuambia hivyo, ni mazoea ya maneno kukaa pamoja.

Mtego wa pili ni "although" na "but". Sisi tunasema ingawa... lakini, Wachina suīrán... dànshì. Kiingereza kinataka moja tu. Ukishaweka "although", "but" ikae nje.

Mtego wa tatu ni tā wetu yuleyule. Aliyekuja ni nani? Lazima uamue.

Jibu sahihi: "Although it was raining heavily, she still came." Sentensi moja imenifundisha vitu vitatu ambavyo sikufundishika navyo miaka minne. Ona pia kwamba Kichina hakibadilishi kitenzi kuonyesha wakati, kwa hiyo "was" inamtesa Mchina kuliko sisi. Sisi tuna "-li-" na "-na-" na "-ta-", hapo tumewazidi. Na wingi vilevile, Kichina kitabu ni shū na vitabu ni shū, wakati sisi tumezoea ki- na vi-.

WACHINA NAO "WANAPIGA" SIMU!

Hapa ndo niliposhangaa kabisa. Kichina kuna kitenzi "dǎ", maana yake ya msingi ni kupiga. Sasa soma hii:

- dǎ diànhuà: kupiga simu. Kiingereza: "make a phone call"
- dǎ zhēn: kupiga sindano. Kiingereza: "give an injection", na aliyechomwa ni "have an injection"
- dǎ pēntì: kupiga chafya. Kiingereza: "sneeze"
- dǎ hāqian: kupiga miayo. Kiingereza: "yawn"
- dǎ zì: kupiga chapa. Kiingereza: "type"
- dǎ gǔ: kupiga ngoma. Kiingereza: "beat a drum" au "play the drum"

Mswahili na Mchina, mabara mawili, wote tunapiga chafya na kupiga miayo! Mwingereza hapigi, ana neno zima kwa kila kimoja. Ndiyo maana mtu ukimuuliza "piga" ni nini kwa Kiingereza atasema "beat", na amepata, lakini akiandika "I beat the phone" ameharibu.

Lipo jingine: "jiè". Kichina ni kuazima, kote kuwili, anayetoa na anayechukua. Sisi je? "Nimeazima kalamu" na "niazime kalamu", neno lilelile. Kiingereza kimegawa: anayechukua "borrow", anayetoa "lend". Ukimwambia mtu "borrow me your pen" atakuelewa, ila kwenye barua ya kazi umeshajiuza bei rahisi.

Kuna sehemu tunaachana pia. Kichina "kāi" ni kufungua, na wanaitumia kwa mlango, kuwasha taa, kuendesha gari, hata kufanya mkutano. Sisi taa tunawasha na gari tunaendesha. Lakini usicheke sana, maana tunasema "fungulia redio", kisha tunaandika "open the radio". Sahihi ni "turn on".

Funzo langu: neno la Kiingereza usilifunge pingu na neno moja la Kiswahili. Lifunge na sentensi.

JINSI YA KUFANYA

Hii ndo njia ya Mchina, mimi nimeihamishia kwenye Kiswahili. Unahitaji daftari na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu.

1. Tafuta sentensi sahihi ya Kiingereza yenye neno unalolitaka. Ukiwa kafe ingia kwenye kamusi za Cambridge au Oxford, au kurasa za BBC Learning English. Zote ni bure. Tano kwa siku zinatosha.

2. Ukurasa wa kushoto andika maana yake kwa Kiswahili cha kawaida, kile unachoongea mtaani. Pembeni andika neno la lazima. Sentensi ya Kiingereza iandike ukurasa wa nyuma.

3. Subiri kesho. Usifanye siku hiyohiyo, maana utakuwa unakumbuka macho tu, kichwa hakijafanya kazi.

4. Kesho yake soma Kiswahili, andika Kiingereza bila kuchungulia. Kisha linganisha na ya nyuma, neno kwa neno.

5. Kosa lote andika kwa wino mwekundu kwenye daftari la pili. Wachina daftari hili wanaliita cuòtí běn, daftari la maswali uliyokosa. Hili ndilo dhahabu. Langu limejaa "he" na "she", na "a" na "the", maana hizo mbili za mwisho hazipo kwetu wala kwao.

6. Zilizokushinda zirudie baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki.

Angalizo: msikimbilie mashine ya kutafsiri kuwafanyia zoezi. Ukiiandikia "amelipa", nayo inabidi ibahatishe kama ni "he" au "she", kwa sababu sentensi yako haijasema. Mashine haijamwona yule mama wa Zambia. Wewe umemwona.

UBAYA WAKE

Siwafichi wadau, njia hii ina kasoro. Wachina wenyewe wana msemo "yǎba yīngyǔ", Kiingereza cha bubu: mtu anafaulu mtihani, anaandika vizuri, akikutana na mgeni mdomo umefungwa. Ukikaa na karatasi tu, utakuwa unatafsiri kichwani kila sentensi, na mteja keshaondoka. Dawa yake ni kusema kila sentensi kwa sauti ukishaisahihisha, mara tatu nne, hadi itoke yenyewe bila kupitia Kiswahili. Sisi tulikuwa tunafanya stoo wakati wa chakula. Mimi namsomea Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiingereza, kisha tunabadilishana na Kichina chake anachonieleza kwa mikono. Wabeba mizigo walikuwa wanatuona vichaa.

Sijawa profesa. Kidato cha nne nilipata D ya Kiingereza na bado nakosea. Lakini mwezi uliopita yule mama wa Zambia alirudi, akalipia katoni 15. Nikaandika meseji: "She has paid. Give her fifteen cartons." Mchina akajibu: "She? Sure?" Nikarudisha: "Sure." Mzigo ukafika kwa mwenyewe.

ZOEZI

Tafsirini hizi, neno la lazima liko mwishoni:

1. Ingawa gari liliharibika, lakini alifika kwa wakati. Tumia "although".
2. Naomba uniazime mwavuli. Tumia "lend".
3. Mama alipigwa sindano jana. Tumia "injection".
4. Fungulia redio, mechi imeanza. Tumia "turn on".
5. Nilipiga chafya usiku kucha. Tumia "sneeze".

Tupieni majibu kwenye maoni hapo chini, tusahihishane bila kuchekana. Kwenye namba moja utuambie kwanza: aliyefika ni mwanaume au mwanamke?