Uteuzi wa Uzito wa Kifyatulio katika Bunduki ya Kulenga Shabaha: Sheria, Mtambo na Kidole

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuteua uzito wa kifyatulio katika bunduki ya mashindano ya kulenga shabaha. Hoja yake kuu ni kwamba uzito unaofaa si ule mdogo kuliko wote, bali ni ule mdogo unaoruhusiwa na sheria ya mchezo, unaohimiliwa na mtambo bila kuhatarisha maisha, na ambao kidole cha mlenga shabaha bado kinauhisi. Masharti hayo matatu hufuatana kwa mpangilio huo, na hakuna linaloweza kurukwa.

1.0 Utangulizi

Anayeanza kujifunza kulenga shabaha hushauriwa mapema kutafuta kifyatulio chepesi. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini haujakamilika, na katika shughuli ambayo kosa dogo huweza kutoa risasi kabla ya wakati wake, ukweli nusu hautoshi.

Istilahi yenyewe inahitaji kufafanuliwa kwanza. Kwa “uzito wa kifyatulio” hatumaanishi uzito wa kipande cha chuma kinachoguswa na kidole, bali nguvu inayohitajika kukivuta hadi mtambo uachie. Nguvu hiyo hutajwa kwa gramu kwa sababu hupimwa kwa jiwe la mizani. Bunduki isiyo na risasi husimamishwa mtutu ukielekea juu, jiwe huning’inizwa kwenye kifyatulio, kisha bunduki huinuliwa taratibu. Jiwe likiinuka bila mtambo kuachia, uzito wa kifyatulio haupungui ule wa jiwe. Kwa hiyo gramu 500 katika muktadha huu ni nguvu ya takriban nyutoni 4.9.

2.0 Kwa nini uzito una athari

Katika mashindano ya bunduki ya mita 50, duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 10.4. Tuchukulie kwamba umbali kutoka begani hadi ncha ya mtutu ni mita 1. Ncha hiyo ikihama kwa milimita 0.1, yaani unene wa karatasi moja ya kuandikia, mwelekeo wa risasi huwa umehama kwa milimita 5 ifikapo mita 50. Huo ni karibu upana wote uliopo kati ya kitovu cha duara na ukingo wake.

Mtikisiko wa kiasi hicho huweza kutoka kwenye kidole. Kikivuta moja kwa moja kuelekea nyuma, nguvu yake hupokelewa na bega. Kikivuta kwa mkengeuko wa nyuzi 5 tu, sehemu ya nguvu husukuma bunduki pembeni. Kwa kifyatulio cha gramu 1500, sehemu hiyo hufikia takriban gramu 130. Kwa kifyatulio cha gramu 100, haizidi gramu 9.

Hata hivyo, ukubwa wa nguvu si tatizo lote. Kabla mtambo haujaachia, misuli ya mkono huwa imeisawazisha nguvu hiyo. Unapoachia, upinzani hutoweka ghafla, kidole husonga mbele na kugonga kikomo chake, na usawa uliokuwapo huvunjika. Wakati huo pini ingali safarini kuelekea kwenye fataki, na risasi haijatoka mtutuni. Muda huo ni wa milisekunde chache, mfupi mno kwa mlenga shabaha kujirekebisha. Hapa ndipo wepesi unaposaidia: kadiri nguvu iliyosawazishwa inavyokuwa ndogo, ndivyo mshtuko wa kutoweka kwake unavyopungua.

3.0 Sharti la kwanza: sheria ya mchezo

Swali la “gramu ngapi?” halina jibu kabla ya kujua ni mchezo upi. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha (ISSF) haziweki kiwango cha chini kwa bunduki ya hewa ya mita 10 wala kwa bunduki ya mita 50. Walenga shabaha wengi wa kiwango cha juu katika michezo hiyo hutumia gramu 100 hivi au pungufu. Lakini kwa bunduki sanifu ya mita 300, shirikisho hilohilo linataka uzito usiopungua gramu 1500.

Katika biathloni, mchezo unaounganisha kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha, kiwango cha chini ni gramu 500. Tofauti hii inaeleweka tukiyatazama mazingira. Mchezaji wa bunduki ya hewa husimama ukumbini, mapigo ya moyo yakiwa yametulia. Mwenzake wa biathloni hufika uwanjani akihema, bunduki ikitoka mgongoni, vidole vikiwa na baridi. Kifyatulio cha gramu 80 mikononi mwake kingekuwa hatari.

Palipo na kiwango cha chini, si busara kuweka uzito uleule wa kikomo. Springi hubadilika kwa matumizi, na uchafu hubadilisha msuguano. Anayetakiwa kutopungua gramu 1500 aache akiba ndogo juu yake, kwa kuwa jiwe la msimamizi halisikilizi udhuru.

4.0 Sharti la pili: mtambo

Ndani ya bunduki ya komeo, pini inayogonga fataki husukumwa na springi yenye nguvu na kuzuiwa na kishikizo kidogo cha chuma. Kuvuta kifyatulio ni kukiondoa kishikizo hicho njiani. Uzito unaweza kupunguzwa kwa njia kuu mbili: kulegeza springi ya kifyatulio, au kupunguza eneo ambalo nyuso mbili za chuma zinashikana. Njia zote mbili zina mwisho wake. Springi ikilegea mno, kishikizo huenda kisirudi mahali pake. Eneo la kushikana likiwa dogo mno, tikiso dogo hutosha kuliachanisha.

Ndiyo maana kila badiliko lifanywe na fundi wa bunduki mwenye ujuzi au kwa kufuata mipaka ya mtengenezaji, kisha lijaribiwe bunduki ikiwa tupu. Komeo lifungwe kwa nguvu mara kadhaa, kitako kigongwe kwa nyundo ya mpira, na kizuizi cha usalama kiwekwe, kifyatulio kivutwe, kisha kizuizi kiondolewe. Mtambo ukiachia hata mara moja katika majaribio hayo, bunduki hiyo haifai kutiwa risasi, hata kama namba iliyopimwa inapendeza.

Namba hiyo haielezi kila kitu. Mwaka 2014 kampuni ya Remington ya Marekani iliita zirudishwe bunduki zake za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, baada ya kubaini kuwa gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha sehemu zake ingeweza kusababisha bunduki kufyatuka bila kukusudiwa. Jiwe la mizani hupima nguvu ya kuachia. Halipimi uimara wa kushika.

5.0 Sharti la tatu: kidole

Ernst Heinrich Weber, mwanafiziolojia wa Ujerumani wa karne ya 19, alionyesha kwamba binadamu huhisi tofauti ya uzito kwa uwiano, si kwa kiasi halisi. Kwa msingi huo, badiliko la gramu 10 katika kifyatulio cha gramu 100 lina uwiano sawa na gramu 150 katika kile cha gramu 1500. Kifyatulio chepesi kisichotoa uzito uleule kila mara kinaweza kuwa kibaya kuliko kizito kinachotabirika.

Kifyatulio cha hatua mbili hupunguza ugumu huu. Tuseme uzito wote ni gramu 1500, ambapo hatua ya kwanza hubeba gramu 1100. Kidole hupita hatua hiyo, hukutana na ukuta unaohisika, na kubakiwa na gramu 400 za uamuzi. Sheria imetimizwa, na kidole kimepewa kazi ndogo.

Katika kuteua, inafaa kuanza na uzito mkubwa kiasi, kufanya mazoezi ya kufyatua bila risasi, kisha kupunguza kidogo kidogo. Bunduki ikitikisika pembeni kila mtambo unapoachia, uzito ungali mkubwa au kidole kimekaa vibaya. Mtambo ukiachia kabla mlenga shabaha hajaamua, hata mara moja katika mia, mpaka umevukwa; arudi nyuma hatua moja na kubaki hapo.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa wepesi wa kifyatulio una faida inayoelezeka kifizikia, lakini faida hiyo hukoma pale sheria inapokataza, mtambo unaposhindwa kushika, au kidole kinapoacha kuhisi. Kati ya mipaka hiyo, wa kwanza ukivukwa hugharimu alama au nafasi ya kushindana. Miwili iliyobaki huweza kugharimu uhai wa mtu aliyesimama mahali ambapo hakuna aliyekusudia kulenga.