Medali Iliyoungua, Noti ya Suriname na Kofia Iliyogandana

Mwaka jana, nikitafuta vyeti vya shule, nilifungua mkebe wa biskuti ambao sikuwa nimeugusa tangu nihame nyumbani. Chini kabisa, chini ya picha za pasipoti na funguo za kufuli zilizokwisha kupotea, niliikuta kofia yangu ya kuogelea, ya mpira wa buluu, niliyoivaa kwenye mashindano ya shule nikiwa na miaka 12. Siku ile nilishika nafasi ya nne katika mita 50. Tulikuwa watano, na wa tano alibanwa na misuli katikati ya bwawa akashikilia kamba.

Nilijaribu kuikunjua, ikagoma. Mpira ulikuwa umegandana pande zote mbili, na nilipovuta kidogo ukachanika taratibu kama ganda la ndizi iliyoiva mno. Vidoleni ikabaki nta ya buluu inayonuka dawa ya bwawa, harufu ileile, baada ya miaka yote hiyo. Mama, aliyekuwa pembeni akichambua mchele, akainua macho. "Hicho nacho ni cha kuweka, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nilikuja kujua kwamba kofia ya mpira ina masharti yake: isuuzwe kwa maji baridi, ianikwe kivulini, ipakwe poda ndani na nje, kisha iwekwe mahali pasipo na mwanga wala joto. Yapo makabati ya watu duniani yenye kofia kama ile yangu, kila moja na jina, bendera na poda yake. Ni za watu wanaokusanya kumbukumbu za mchezo wa kuogelea, na nikiri tangu sasa kwamba nawaonea wivu na huruma kwa pamoja.

Huruma kwa sababu wamechagua mchezo usioacha kitu. Mpira wa miguu una jezi, viatu, mpira wenyewe, hata nyasi zilizong'olewa uwanjani zikatiwa kwenye fremu. Ndondi zina glavu na mkanda. Mwogeleaji huingia majini karibu uchi: nguo moja, kofia, miwani. Akishagusa ukuta, maji yanafunga nyuma yake, na dakika tano baadaye watu wengine wanaogelea palepale. Hivyo vichache alivyovaa navyo vina maadui. Nguo za sufu za miaka ya 1920 ziliachiwa nondo. Nguo za kunyumbulika zilizofuata huliwa na klorini hadi zikalegea makalioni. Na zile za kisasa za plastiki, nitazifikia.

Inabaki medali. Hapo ndipo kisa chenyewe kilipo.

Septemba 2000, Sydney, fainali ya mita 50 mtindo huru. Wamarekani wawili waliokuwa wakifanya mazoezi pamoja, Anthony Ervin wa miaka 19 na Gary Hall Jr., waligusa ukuta kwa sekunde 21.98, wote wawili. Mashine haikuweza kuwatenganisha, wakapewa dhahabu mbili. Wanaokusanya medali wanazijua vizuri zile za Sydney: upande mmoja zina mungu wa ushindi wa Kigiriki aliyeketi mbele ya jengo linalofanana na Koloseo ya Roma. Mchoro huo, wa Mwitaliano Giuseppe Cassioli, ulianza kutumika mwaka 1928, na Wagiriki walilalamika kwamba michezo ni yao lakini jengo ni la Warumi. Michezo iliporudi Athens mwaka 2004, mchoro ukabadilishwa. Kwa hiyo za Sydney ni za mwisho za aina yake. Na kwa faida ya anayedhani medali ya dhahabu ni dhahabu: sehemu kubwa ni fedha, iliyopakwa dhahabu isiyopungua gramu 6.

Ervin aliacha kuogelea akiwa bado kijana. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yalipiga nchi zinazoizunguka Bahari ya Hindi, na yakafika hadi huku kwetu, pwani za Somalia, Kenya na Tanzania, yakaua watu. Ervin akaitia medali yake mnadani kwenye mtandao wa eBay. Ilinunuliwa kwa dola 17,000 na kitu, na fedha zikaenda kwa waathirika. Kipande cha bwawa la Sydney kikageuka msaada wa watu waliozidiwa na maji. Haikuhitaji mtu kuipamba habari hiyo.

Hall alizitunza zake. Kufikia mwisho wa michezo ya Athens alikuwa na medali 10 za Olimpiki: dhahabu 5, fedha 3, shaba 2. Mtu mwenye kisukari tangu mwaka 1999, ambaye wengi walidhani amekwisha, alirudi akashinda Sydney, akashinda tena mita 50 Athens. Januari 2025 moto mkubwa uliteketeza mtaa wa Pacific Palisades, Los Angeles, na nyumba yake ikawa ndani ya moto huo. Alitoka na mbwa wake, insulini yake na vitu vichache vya kubeba mkononi. Medali zote 10 zilibaki ndani. Mwezi Mei mwaka huohuo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimwita Lausanne, Uswisi, ikamkabidhi nyingine 10 zilizotengenezwa upya kufidia zilizoungua.

Sasa wewe msomaji niamulie. Dhahabu mbili za mbio moja, sekunde moja, ukuta mmoja. Moja ni halisi, nayo iko mikononi mwa mtu aliyeilipia bila kulowa hata unyayo. Ya pili ni mpya, kutoka kiwandani, nayo iko mikononi mwa mtu aliyeogelea. Mkusanyaji atakwambia bila kupepesa macho kwamba yenye thamani ni ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyovaliwa jukwaani. Mimi ningechukua ya Hall. Lakini mimi si mkusanyaji, na kofia yangu mnajua ilivyoishia.

Ervin, tusimsahau, alirudi majini. Mwaka 2016 kule Rio, akiwa na miaka 35, alishinda mbio zilezile za mita 50 kwa sekunde 21.40, tofauti ya sekunde 0.01 na aliyemfuata. Aliyeuza dhahabu yake akapewa nyingine, na hii hakuna aliyemtengenezea kwa kumwonea huruma.

Si yeye peke yake aliyeuza. Otylia Jędrzejczak wa Poland aliahidi kabla ya Athens kwamba akipata dhahabu ataipiga mnada kwa ajili ya watoto wenye saratani ya damu. Akashinda mita 200 kipepeo, akatimiza ahadi, na medali ikapata zaidi ya dola 80,000. Mmarekani Ryan Lochte naye mwaka 2022 aliuza medali zake sita za fedha na shaba kwa ajili ya hisani. Ukitazama utaona waogeleaji wenyewe hawazing'ang'anii medali kama wanavyozing'ang'ania wanunuzi.

Halafu kuna wasiokuwa na dola elfu 17. Hao ndio ninaowapenda zaidi, maana wanakusanya karatasi.

Mwaka 1875 baharia Mwingereza, Kapteni Matthew Webb, alijitosa Dover akaibukia Calais baada ya karibu saa 22 majini. Alikuwa mtu wa kwanza kuvuka mlango-bahari wa Uingereza na Ufaransa kwa kuogelea bila kifaa cha kumwelesha. Alikufa mwaka 1883 akijaribu kuogelea kwenye maji makali chini ya maporomoko ya Niagara. Lakini kampuni ya viberiti ya Bryant & May ilikuwa imeuchukua uso wake, masharubu yote, ikaupiga kwenye kiberiti, na Kapteni Webb akaendelea kuwasha majiko na sigara za Waingereza miaka mingi baada ya kuzikwa. Leo kiberiti hicho kitupu ni kitu cha kutafutwa. Fikiria: mtu wa maji, anakumbukwa kwa moto.

Ninachokitamani mimi ni noti. Mwaka 1988 huko Seoul, Anthony Nesty wa Suriname, nchi iliyokuwa na bwawa moja tu la mita 50, alimshinda Mmarekani Matt Biondi katika mita 100 kipepeo. Muda: 53.00 kwa 53.01. Biondi alikuwa mbele, akafika ukutani katikati ya pigo, akaamua kuteleza badala ya kupiga mikono mara moja zaidi, Nesty akapiga. Hakuna mwanamume mweusi aliyewahi kushinda dhahabu ya kuogelea kabla yake, na Suriname haikuwa imewahi kupata medali yoyote ya Olimpiki. Nchi nzima ilipandwa na wazimu wa furaha: ikamtolea stempu, sarafu za dhahabu na za fedha, ukumbi wa michezo wenye jina lake, na mwaka 1991 ikamtia kwenye noti ya gulden 25.

Noti hiyo inanivutia kwa sababu ya kilichofuata. Mfumuko wa bei uliitafuna gulden hadi mwaka 2004 Suriname ilipoingiza dola yake, moja kwa kila gulden 1,000. Kwa hesabu hiyo noti ya Nesty ilikuwa na thamani ya senti mbili na nusu. Kama fedha, ilikufa. Kama kumbukumbu, ndiyo kwanza inaanza kupanda. Nchi iliyochapisha uso wa mwogeleaji ili watu wanunulie mkate, imeishia kuwapa wakusanyaji karatasi isiyonunua hata punje, na wao wanailipia.

Nguo sasa, kama nilivyoahidi. Mwaka 2008 kampuni ya Speedo ilileta vazi la LZR Racer, lenye vipande vya plastiki vya kumbana mwogeleaji na kumwelesha, ambalo kulivaa tu kulichukua karibu nusu saa. Rekodi zikaanza kuanguka kama maembe wakati wa upepo. Kampuni nyingine zikaja na mavazi ya plastiki tupu, na katika mashindano ya dunia ya Roma, mwaka 2009, zilivunjwa rekodi 43. Kuanzia Januari 2010 yakapigwa marufuku yote: wanaume wavae kutoka kiunoni hadi magotini, wanawake kutoka mabegani hadi magotini, na kitambaa kiwe kitambaa. Kwa mkusanyaji huo ni utajiri, maana kitu kilichotengenezwa miaka miwili tu hakitatengenezwa tena. Kasoro ni kwamba plastiki ya namna ile inaogopa unyevunyevu. Huanza kunata, kisha inabanduka magamba. Anayetaka kuliweka vazi hilo Dar es Salaam au Mombasa bila kiyoyozi, namwambia mapema: atabaki na magamba.

Hata medali hazijanusurika. Zile za Paris 2024 zilitiwa kipande cha chuma cha Mnara wa Eiffel, gramu 18, na miezi michache baadaye wanamichezo wakaanza kuzirudisha. Mwogeleaji Mfaransa Yohan Ndoye-Brouard, aliyepata shaba ya kupokezana, alionyesha yake ikiwa imebabuka kama ngozi ya mamba. Waliahidiwa nyingine. Ningekuwa yeye ningeing'ang'ania ileile ya mamba.

Kuhusu bei na utapeli nitasema machache. Kofia yenye jina la Michael Phelps haina maana kwamba aliivaa Phelps, kwa kuwa mwogeleaji mkubwa hupewa kofia kadhaa kwa mashindano mamoja. Mnunuzi mwerevu hutaka picha ya siku ile, na alama katika picha, mkunjo au wino uliomwagika, zilingane na za kitu anachouziwa. Sahihi za Johnny Weissmuller, mtu wa kwanza kuogelea mita 100 chini ya dakika moja, mwaka 1922, ni ghali kwa sababu nyingine: wanaozigombea si watu wa kuogelea bali wa sinema. Wazee wetu waliomwona kwenye majumba ya sinema walimjua kama Tarzan. Dhahabu zake tano za Olimpiki hawakuambiwa.

Na sisi? Agosti 2008, Beijing, Mkenya Jason Dunford aliogelea mchujo wa mita 100 kipepeo kwa 51.14, akaiondoa rekodi ya Olimpiki aliyokuwa ameiweka Phelps Athens. Rekodi hiyo ilivunjwa kabla ya mashindano kwisha, na fainali alikuwa wa tano, lakini ubao wa matokeo uliandika KEN mbele ya dunia nzima. Miaka miwili baadaye alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Delhi, mita 50 kipepeo. Nyumbani Kenya, bwawa la Kasarani lilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na waliogelea pale watu kutoka bara zima: tiketi zilikatwa, programu zilichapishwa, beji ziligawiwa. Karatasi za namna hiyo hazipotelei mbinguni. Ziko kwenye mikebe ya biskuti, chini ya funguo.

Basi fungua mkebe wako wikendi hii. Ukikuta picha ya mashindano, andika nyuma yake jina, bwawa, tarehe na muda, kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, kwa kuwa wino hupenya upande wa pili. Tiketi na programu ziweke kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki. Na ukikuta kofia ya mpira, usiivute. Ipake poda kwanza.